UZI: Kufukuza dhoruba kwenye nyanda za wazi, kuanzia ramani ya asubuhi hadi giza

Mzee wa Rada (#1)

Wakuu, salaam.

Kila Mei ikifika, magrupu ya Dar hujaa video za tonado za Oklahoma na Kansas, Marekani, zile nguzo za upepo mkali unaozunguka kutoka wingu hadi ardhini, na swali ni lile lile: hawa jamaa walijuaje pa kusimama? Uzi huu ni wa hilo. Wenye maswali ya vimbunga vya baharini, mfano Hidaya wa Mei 2024, wafungue uzi wao. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na hufuatiliwa siku kadhaa kabla hakijafika. Tonado nyingi hazimalizi dakika kumi, na upana wake ni makumi au mamia ya mita tu.

Kwanza tuliweke sawa neno. "Kufukuza" linapotosha. Dhoruba ikishakupita, ukiifukuza kwa nyuma utaambulia mvua na taa nyekundu za magari yaliyokutangulia. Kazi hasa ni kuvizia: unakadiria itapita wapi, unatangulia, unasimama upande inakovuta hewa, unasubiri. Siku ya saa 14 barabarani inaweza kuwa na dakika 20 za maana, na siku nyingi hata hizo hazipatikani.

Siku huanza mezani, si kwenye gari. Mambo manne lazima yakutane mahali pamoja na saa moja. La kwanza ni unyevu karibu na ardhi. Tazama joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke huanza kugeuka maji. Kwenye nyanda zile, nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi zinatosha, 20 na zaidi ni neema. Unyevu huo hupanda kutoka Ghuba ya Mexico. La pili ni hewa baridi huko juu, ili hewa ya chini ikinyanyuka iendelee kupanda yenyewe. Kipimo chake ni CAPE, yaani nishati ya hewa kupanda: jouli 1,000 kwa kilo zinaweza kufanya kazi, 3,000 ni nyingi. La tatu ni kitu cha kuinyanyua hiyo hewa, na kule mara nyingi ni mstari ambapo hewa kavu ya magharibi inakutana na hewa ya unyevu wa Ghuba. La nne, ambalo wengi husahau, ni tofauti ya upepo: chini uvume kutoka kusini-mashariki, juu utoke magharibi kwa kasi. Tofauti kati ya ardhini na kimo cha kilomita 6 ikifika kilomita 70 hivi kwa saa, dhoruba inaweza kuanza kuzunguka nzima nzima. Hiyo ndiyo supaseli, na tonado kubwa karibu zote huzaliwa humo.

Halafu kuna kifuniko. Ni tabaka la hewa ya joto kilomita moja hadi tatu juu, linalozuia mawingu yasipande mapema. Kifuniko dhaifu, dhoruba zinalipuka saa sita mchana nyingi kwa pamoja na kuharibiana. Kifuniko kigumu, jua linazama anga ni jeupe na umechoma tenki mbili bure. Kinachotakiwa ni kinachoachia saa tisa au kumi alasiri. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; kule, mawingu mazito ya saa nne asubuhi mara nyingi ni dalili ya siku mbovu, maana ardhi haipati jua.

Ramani za kuanzia ni za kituo cha taifa cha kutabiri dhoruba kilichopo Norman, Oklahoma, kinachojulikana kama SPC. Kina ngazi tano za hatari. Msikimbilie ngazi ya juu. Siku ya ngazi ya tano dhoruba hukimbia sana, hujifunika mvua, na barabara hujaa. Ngazi ya pili au ya tatu yenye dhoruba moja iliyojitenga ndiyo siku ya mtu mwenye akili. Ukishaisoma, fungua vipimo vya puto la hali ya hewa linalorushwa asubuhi kupima hewa ya juu, kisha HRRR, modeli ya kompyuta ya utabiri ambayo huendeshwa upya kila saa kwa miraba ya kilomita 3. Usiangalie toleo moja. Tazama matano mfululizo uone kama yanakubaliana.

Chagua mji, usichague dhoruba ambayo bado haijazaliwa. Mji uwe na lami inayotoka pande zote nne na sheli, ufike saa saba mchana, utulie hapo. Minara ya mawingu ikianza kupasuka kwa mstari, upe kipaumbele ule wa kusini kabisa: hakuna jirani wa kuuibia hewa ya joto.

Wengine mwagikeni, hasa upande wa barabara.

Dereva wa Chalinze (#2)

Mzee umeanza vizuri, ila niweke hili mapema: wanaofuata dhoruba wamekufa zaidi kwa ajali za magari kuliko kwa tonado. Machi 2017, karibu na Spur, Texas, magari mawili ya wafuatiliaji yaligongana njia panda, watu watatu wakafa. Aprili 2022 wanafunzi watatu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma walikufa barabara kuu ya I-35 wakiwa wanarudi. Anayekodolea macho wingu huku ameshika usukani ni hatari kuliko wingu lenyewe. Gari liwe na watu wawili kwa uchache: mmoja macho barabarani tu, mwingine rada na ramani. Dereva akitaka kuangalia, asimamishe gari.

Sasa hesabu. Barabara za Kansas na Oklahoma zimekatwa kwa miraba, moja karibu kila maili, yaani kilomita 1.6, zote zinaenda kaskazini-kusini au mashariki-magharibi. Dhoruba yenyewe inakata kona kwenda kaskazini-mashariki. Ikienda kilomita 50 kwa saa, wewe unatakiwa uende kilomita 35 mashariki na 35 kaskazini, jumla 70, ndani ya saa hiyo hiyo. Weka vituo vya kusimama, njia panda na trekta mbele yako, utaona dhoruba ya kilomita 50 ndiyo mwisho wa starehe. Ya kilomita 80 usiifuate. Itangulie mara moja, iangalie ikipita, basi.

Nyingi ya barabara hizo si lami. Kwenye ramani ya simu zinaonekana sawa na nyingine, mvua ikinyesha dakika kumi udongo wake unakuwa sabuni. Kanuni ni fupi: ardhi ikilowa, hutoki kwenye lami, hata kama njia ya mkato ni kilomita mbili.

Mafuta: jaza kila yakifika nusu. Umeme ukikatika mjini, pampu hazitoi. Siku moja ni kilomita 500 hadi 800, kwa gari la kawaida piga lita 50 hadi 80. Tairi ziwe na kina cha milimita 4 au zaidi; 1.6 ni ya kumridhisha askari, si ya kupita kwenye maji yaliyotuama. Spea iwe na upepo. Wipa mpya.

Kusimama: toka nje kabisa ya njia, usisimame juu ya kilima ambapo anayekuja nyuma hakuoni, na kabla hujashuka geuza gari lielekee unakotorokea. Kugeuza gari wakati umeshaogopa ndiko kunakotumbukiza watu mtaroni. Na kwa wa kwetu: kule wanaendesha kulia. Kosa halitokei ukitoka uwanja wa ndege, linatokea saa kumi na moja jioni umepaniki, unakata kona unaingia upande wa Dar.

BintiKigamboni (#3)

Naongeza muundo wa dhoruba, maana ukimwambia mtu "simama kusini-mashariki" bila kumweleza sababu, siku mambo yakigeuka atabaki amesimama hapo hapo.

Chukueni supaseli ya kawaida ya nyanda za Marekani inayokwenda kaskazini-mashariki. Mvua kubwa na mawe vipo mbele yake, upande wa kaskazini na kaskazini-mashariki. Injini, yaani hewa inayopanda, ipo nyuma, kusini-magharibi, chini ya wingu lenye tumbo tambarare jeusi lisilo na mvua. Tumboni hapo hushuka kipande cha wingu kinachozunguka, tukiite ukuta wa wingu. Tonado hutoka hapo. Nyuma yake kuna hewa baridi inayoporomoka na kuzunguka injini kama mkono unaokumbatia. Kwenye rada hiyo ndiyo ile ndoano.

Kwa hiyo aliye kusini-mashariki, kilomita 3 hadi 5 kutoka kwenye ukuta wa wingu, anaona tumbo lote bila pazia la mvua, na ana njia ya kusini mgongoni. Aliye kaskazini anaona mvua tu, na kitu kinachomjia kimefichwa ndani yake. Kukata katikati ya mvua ya mawe kwenda kuitafuta ndoano upande wa pili ndilo kosa la wageni. Unatoka kwenye mawe unaingia moja kwa moja mdomoni.

Tumieni ngozi. Mkiwa mahali sahihi, upepo ni wa joto, una unyevu, unapiga mgongoni kuelekea kwenye dhoruba. Ukikata ghafla, kisha ukaja wa baridi kutoka magharibi, ile hewa ya kuporomoka imewafikia. Hapo hamjadili, mnaondoka kusini au mashariki.

Kutofautisha mawingu: ukuta wa wingu huinama kuelekea kwenye mvua, una mzunguko unaodumu, na vipande chini yake vinapanda haraka. Wingu refu kama ubaraza mbele ya mvua, linaloinama kuikimbia mvua, ni ukingo wa upepo baridi. Linatisha kwenye picha lakini tonado haitoki hapo kirahisi. Baadhi ya "tonado" za mitandaoni ni vipande vya wingu vilivyochanika vinavyoning'inia bila kuzunguka. Hesabu hadi sitini ukikitazama. Kisipozunguka, achana nacho.

Jambo la mwisho kwa sasa. Tonado inayosogea kushoto au kulia kwako inapita. Ile inayoonekana imesimama tuli na inanenepa, inakuja ulipo.

Laini Mbili (#4)

Kuhusu rada niseme wazi kwa sababu watu wanaiamini kama macho yao. Rada za taifa la Marekani huzunguka anga kwa dakika 4 hadi 6 kumaliza mzunguko mmoja. Ongeza muda wa kuchakata na wa kufika kwenye simu. Dhoruba ya kilomita 60 kwa saa husogea kilomita moja kila dakika, kwa hiyo alama ya ndoano unayoiona inaweza kuwa imeshahama kilomita 5. Soma saa iliyoandikwa kwenye picha, si saa ya simu. Na programu zinazounganisha rada nyingi kuwa picha moja laini hucheleweshwa zaidi. Chukua inayotoa rada moja moja, yenye picha ya mvua na picha ya mwendo wa upepo kando kando. Kwenye ya upepo tafuta rangi mbili zinazopingana zikiwa zimegusana: hewa inayoijia rada na inayoikimbia, bega kwa bega.

Ardhi nayo ni mviringo. Mwonzi wa chini kabisa, nusu digrii, ukiwa kilomita 100 kutoka kwenye rada uko kimo cha kilomita moja na nusu hivi; kilomita 200, unapita kilomita 4 juu. Chini yake kunaweza kuwa na lolote na rada isione.

Laini mbili za kampuni tofauti, maana kwenye mashamba yale mtandao hukatika hasa dhoruba ikikaribia na kila mtu anatuma video. Pakua ramani kabla. Beba ya karatasi pia. Redio ya hali ya hewa ya masafa ya 162.400 hadi 162.550 MHz haihitaji bando, na ndiyo inayokuamsha. Mjue tofauti: angalizo lao hufunika eneo kubwa kwa saa kadhaa, maana yake mazingira yanaruhusu, onyo ni eneo dogo na muda mfupi, maana yake kitu kimeonekana au rada imekinasa.

Kipimamvua (#5)

Nampinga kidogo dada hapo #3, si kwa kosa bali kwa kuzidi uhakika. Kanuni ya kusini-mashariki inafanya kazi dhoruba ikiwa na adabu. Tarehe 31 Mei 2013, El Reno, Oklahoma, tonado ilianza ikielekea mashariki na kusini-mashariki, yaani upande ule ule wa wasimamaji, kisha ikapinda kaskazini-mashariki na kuongeza kasi, huku ikivimba hadi upana wa kilomita 4.2, na sehemu kubwa imefunikwa na mvua. Tim Samaras, mwanawe Paul na Carl Young walikufa humo. Hawakuwa watafuta sifa. Samaras alikuwa mhandisi aliyetengeneza vifaa vya kupimia ndani ya tonado kwa miaka mingi.

Funzo la kivitendo ni umbali. Kilomita 3 ni nzuri tonado ikiwa inaonekana yote kuanzia wingu hadi ardhi. Ikishajifunika mvua, hujui ukingo wake uko wapi, basi 8 au 10, na usisubiri kuiona ndipo uamue. Ukikosa njia mbili za kutoka, hiyo nafasi si yako hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Mto wenye daraja moja kwa kilomita 15 ni ukuta. Uangalie kwenye ramani kabla hujaenda upande wake.

Chini ya daraja la barabara kuu pia si kimbilio. Upepo hubanwa na kuongezeka humo, na vifusi vinapita kama risasi. Katika tonado za Oklahoma za 3 Mei 1999 watu walikufa wakiwa wamejificha chini ya madaraja.

Mvua ya mawe: jiwe la sentimita 5 hadi 10 huanguka kwa kasi ya takriban kilomita 70 hadi 115 kwa saa, na kasi ya gari lako inajumlishwa. Kwa hiyo ukinaswa, punguza, simama nje ya njia, elekeza pua ya gari mawe yanakotoka. Kioo cha mbele kina matabaka mawili na plastiki katikati, kitapasuka kama utando wa buibui lakini kitabaki. Vya pembeni na nyuma humwagika vyote. Funika uso kwa koti au mto. Rekodi ya Marekani ni jiwe la Vivian, South Dakota, 23 Julai 2010: kipenyo sentimita 20, uzito gramu 880. Hakuna bati la gari linalojadiliana na hilo. Na rangi ya kijani angani haithibitishi mawe wala tonado, tuache hiyo hadithi.

Giza likiingia, acha. Usiku tonado huonekana kwa mwanga wa radi tu, au nyaya za umeme zinapopasuka na kutoa mwanga wa bluu-kijani. Mwisho wa Mei jua kule huzama kama saa mbili na nusu usiku kwa saa zao, kwa hiyo hakuna wa kusema alinyimwa muda.

Mgeni Tabata (#6)

Wakuu nashukuru, madini matupu. Gari la kukodi linaruhusiwa? Na hizo helmeti ninazoziona kwenye video ni mbwembwe?

Dereva wa Chalinze (#7)

Kukodi unakodi, soma mkataba vipengele viwili: mvua ya mawe na barabara zisizo na lami. Mikataba mingi hukunyima bima ukiingia vumbini, na shimo moja la mawe kwenye boneti utalipa kwa dola. Chukua gari la kawaida lenye kioo kipana; gari refu la mzigo upepo wa pembeni huliyumbisha bure. Leseni yako ya Tanzania iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha.

Helmeti si mbwembwe. Ya pikipiki au ya ujenzi, pamoja na miwani ya fundi wa kuchomelea geti, ile ya uwazi. Vioo vikishavunjika ndiyo utaelewa.

Picha za Radi (#8)

Upande wa kamera, kwa kuwa wengi wetu tutaishia kupiga radi kabla ya tonado.

Usiku: stendi, ISO 100 au 200, tundu f/8, sekunde 10 hadi 20, piga mfululizo bila kuacha. Radi yenyewe ndiyo inayoandika mwanga, kwa hiyo muda wa kufungua haukuzi radi, unakuza mwanga wa mji. Radi ikiwa karibu, chini ya kilomita 5, funga tundu hadi f/11, vinginevyo mstari unakuwa kamba nene nyeupe. Fokasi iwe ya mkono: lenga taa ya mbali, ikiwa kali bandika selotepu kwenye lenzi. Zima kitulizi cha mtikisiko kamera ikiwa kwenye stendi. Usining'inize begi likapepea, linatikisa.

Mchana kidole hakiwahi. Ama ununue kifaa kinachohisi mwako na kubonyeza chenyewe, ama upige video kwa picha 60 kwa sekunde ukate fremu baadaye.

Tonado: kasi ya shata 1/500 kwenda juu ukiwa umeshika mkononi, na weka ndani ya fremu nguzo, nyumba au gari, bila hivyo hakuna atakayejua ukubwa.

Usalama ni hesabu ya ngurumo. Toka mwako hadi mlio, gawa sekunde kwa tatu, umepata kilomita. Chini ya sekunde 30 ingia ndani, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ndani maana yake jengo au gari la bati lililofungwa vioo. Bajaji ya turubai haihesabiki, wala gari la safari lililo wazi. Uzio wa waya wa shamba usiuguse wala usiuegemee, mkondo husafiri nao mbali na radi ilipopiga. Coco Beach na Kigamboni mandhari ni mazuri radi zikiwa baharini, lakini ukisimama na stendi kwenye mchanga mtupu, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Kaa kwenye baraza la zege.

Mgeni Tabata (#9)

Sasa swali la wengi: hizi kanuni nikizibeba kwenda bonde la Wami, au Dodoma kule kweupe, zinafanya kazi?

Kipimamvua (#10)

Hapana, na hapa ndipo watu wanaingia mkenge. Sisi joto na unyevu tunavyo vya kumwaga. Tunachokosa ni ile tofauti ya upepo. Karibu na ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni mnyonge, kwa hiyo dhoruba inasimama wima, mvua yake inaanguka ndani ya injini yake yenyewe, inajizima. Maisha yake ni dakika 30 hadi 60. Haina mbele wala nyuma ya kusimama, na "kusini-mashariki" hakuna maana.

Hapa kinachoviziwa ni upepo baridi unaomwagika dhoruba inapokufa. Unatambaa ardhini pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na unapokutana na upepo wa bahari au na mmwagiko wa dhoruba nyingine, unainua hewa na dhoruba mpya inazaliwa hapo. Kwa hiyo achana na ile unayoiona inanyesha. Tafuta mahali mistari miwili itakapokutana nusu saa ijayo. Satelaiti ya Meteosat hutoa picha kila dakika 15 au pungufu, na mchana mstari huo mara nyingi huonekana kama upinde mwembamba wa mawingu madogo.

Msimu: pwani tuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Dodoma ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa kuona, Dodoma inaishinda pwani mbali sana. Hewa ni kavu zaidi, tumbo la wingu liko juu, hakuna minazi wala ghorofa. Dar wingu liko chini na ukungu wa bahari unakula umbo lote. Dhoruba za Ziwa Victoria ni somo jingine: mchana hukaa nchi kavu, usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na radi hupiga hadi alfajiri. Usizivizie kwa mtumbwi.

Kabla ya kutoka, soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ya siku hiyo. Kukiwa na tahadhari ya mvua kubwa ya kutwa nzima, hiyo si siku ya kutazama mawingu. Anga lote ni kijivu, na kilichobaki ni mafuriko.

BintiKigamboni (#11)

Nakubali marekebisho ya #5, na naongeza kwenye #10: hata ukivuka kwenda Afrika Kusini, kwenye nyanda za juu ambako upepo wa juu upo na supaseli zipo, kanuni inageuka kama kwenye kioo. Kusini mwa ikweta dhoruba zenye nguvu hupinda kushoto, na injini huwa upande wa kaskazini. Mwenye kusimama kusini-mashariki kule amesimama kwenye mawe. Nafasi inakuwa kaskazini-mashariki.

Pia tuache kuita kila kitu tonado. Vile vizingia vya vumbi vya Dodoma na Singida wakati wa kiangazi huanzia ardhini kwenye joto kali, anga nyeupe, havina wingu juu. Na taarifa nyingi za "kimbunga kimeezua mapaa" ni upepo ulioporomoka kutoka kwenye dhoruba ukasambaa. Ukitaka kujua, angalia miti: ikiwa imelala upande mmoja au imetawanyika kama feni kutoka sehemu moja, ni upepo wa kuporomoka. Ikiwa imelala kwa kuingiliana ndani ya njia nyembamba, ndipo ufikirie mzunguko.

Dereva wa Chalinze (#12)

Kwa wanaotaka Dodoma: ni kilomita 450 hivi kutoka Dar kwa barabara ya Morogoro, na malori hayakupi wastani wa maana. Tangu 2024 kuna SGR, panda treni, kodi gari ukifika, uwe na nguvu saa nane mchana ambapo mawingu yanaanza. Ukienda kwa gari ondoka saa kumi alfajiri, na usipange kurudi usiku huo huo.

Udongo mweusi wa mbuga, wa Wami na Ruvu na mabonde mengi ya njiani, ni mbaya kuliko ule wa Kansas. Unajaza kashata za tairi, gari la fowili linakaa kama bata. Ukilazimika, shusha upepo wa tairi kutoka PSI 32 hadi 20, beba pampu ya kuurudisha, koleo, mbao mbili na kamba ya kuvutia. Bora zaidi, usilazimike.

Makorongo: yanajaa kwa mvua iliyonyesha juu huko, wewe uko juani. Maji ya sentimita 30 yanasukuma gari dogo, 60 yanabeba karibu gari lolote. Kama huoni mstari wa barabara chini ya maji, hujui kama barabara ipo. Kwenye hifadhi ya Mikumi barabara kuu si mahali pa kuweka stendi ya kamera, tembo hawajali ISO yako.

Mgeni Tabata (#13)

Nimeelewa. Basi kwa wa kukesha tukifuatilia za kule tukiwa hapa hapa, zile ramani za SPC zinazotoka 13:00, 16:30 na 20:00 kwa saa za kimataifa (UTC) ni saa ngapi kwetu?

Mzee wa Rada (#14)

Ongeza tatu kupata saa ya Dar, toa tano kupata ya Oklahoma mwezi wa Mei. Tofauti yetu nao ni saa nane. Ya 13:00 inatoka saa kumi jioni kwetu, ya 16:30 ni saa moja na nusu usiku, ya 20:00 ni saa tano usiku. Vipimo vya puto la asubuhi yao ni vya saa tisa alasiri yetu. Dhoruba zikianza saa kumi alasiri kwao, kwako ni saa sita usiku, na saa nzuri zaidi ni kuanzia saa saba hadi saa kumi usiku. Weka chaja karibu, na fungua rada ya kituo kimoja kama alivyosema Laini Mbili #4, usifungue ile picha laini ya nchi nzima.

Atakayekesha mara ya kwanza aweke hapa jina la mji atakaouchagua kabla ya saa mbili usiku, na sababu zake nne, halafu alfajiri tulinganishe na ramani ya matukio.